Adui Aliye Ndani ya Ngome

Msomaji, siku utakapofika Mombasa, shika Ndia Kuu katika Mji wa Kale uifuate mpaka mbele ya Ngome ya Yesu. Ukifika langoni usiingie upesi. Simama kidogo, uinue macho, utazame juu ya mlango. Utaona jiwe lililochorwa maandishi ya Kireno. Watu wengi hupita chini ya jiwe hilo bila kulijali, nalo lina habari yenye kufaa kuliko mizinga yote iliyomo ndani.

Jiwe lile lamsifu mtu mmoja, Francisco de Seixas de Cabreira, aliyefanywa kapteni wa ngome mwaka 1635 akiwa na umri wa miaka 27. Laeleza jinsi alivyoijenga ngome upya, alivyoibomoa miji ya Pate na Siyu kuta zake, alivyowaadhibu watu wa Pemba na kuwaua wakuu wao walioasi, na alivyowalazimisha watu wa pwani kulipa kodi. Kisha lataja heshima na vyeo alivyotunukiwa, ikiwamo haki ya kutawala Jaffna, katika kisiwa cha Sri Lanka, kwa muda wa miaka sita. Angalia vizuri jinsi cheo kinavyotajwa hapo. Hakitajwi kama mzigo aliotwikwa mtu kwa ajili ya wenziwe. Chatajwa kama shamba alilopewa mtu ili avune. Katika fikira hiyo moja umo msiba wote nitakaokusimulia.

Kabla ya kusimulia, na tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa mara kwa mara. Wazee wetu walisema, "Penye uzia, penyeza rupia." Mfanya biashara anayempenyezea karani wa forodha sarafu ili mzigo wake upite, ametoa rushwa. Ni kosa, lakini sheria ingali imesimama. Yeye ameizunguka tu. Sasa fikiri kwamba mfanya biashara yule amekwenda mbele zaidi: ndiye anayeitunga sheria ya forodha, ndiye anayemchagua karani, na ndiye anayesikiliza malalamiko ya wanaodhulumiwa. Huyo hana haja ya kupenyeza kitu, maana uzio wenyewe ni mali yake. Hali hiyo wataalamu wa siku zetu huiita kutekwa kwa dola. Neno lilienea tangu mwaka 2000, wachunguzi wa Benki ya Dunia walipoeleza jinsi matajiri wachache walivyokuwa wakinunua sheria katika nchi zilizotoka katika utawala wa Kikomunisti. Neno ni jipya, bali jambo lenyewe Mombasa ilikwisha kulionja zaidi ya miaka 400 iliyopita.

Ngome ilianza kujengwa tarehe 11 Aprili 1593, kwa ramani ya Mwitalia aitwaye Giovanni Battista Cairati. Katika miaka ya 1580 merikebu za Waturuki zilikuwa zimefika pwani yetu, na watu wa Mombasa, waliokuwa wamechoka kuchomewa mji na Wareno, waliwapokea kwa furaha. Wareno wakaona kwamba kisiwa hiki hakishikiki kwa vitisho vya mara moja moja. Wakajenga ngome, wakamleta mfalme wa Malindi, ambaye ukoo wake ulikuwa rafiki yao tangu siku za Vasco da Gama, wakamfanya mtawala wa Mombasa. Wakamwahidi kwamba theluthi ya ushuru wa forodha itakuwa yake.

Kwa kutazama juu juu mpango ulikuwa na mizani. Mfalme atatawala raia wake. Kapteni atalinda ngome na bahari. Forodha itatoza ushuru. Na Makamu wa Mfalme wa Ureno, aliyekaa Goa katika Bara Hindi, atakuwa juu yao wote. Lakini tazama jinsi mambo yalivyokwenda. Ukapteni kwa desturi ulitolewa kwa miaka mitatu, na katika dola ya Wareno ya mashariki vyeo vilitolewa kuwa zawadi kwa wakubwa, na mara nyingine viliuzwa kwa wenye fedha. Mtu aliyekipata cheo kwa njia hiyo aliingia ngomeni akihesabu siku zake. Katika miaka mitatu alitaka kurudisha alichotoa na kuondoka na utajiri.

Njia zilikuwa wazi mbele yake. Chombo chochote cha pwani kilitakiwa kiwe na cheti cha Wareno cha kusafiria, la sivyo kingeweza kutekwa baharini. Vyombo vilishurutishwa kupitia Mombasa vilipe ushuru. Nguo na shanga zilizotoka Bara Hindi, na pembe za ndovu zilizotoka bara yetu, kapteni alizitaka zipite mikononi mwake kabla ya mikono ya mtu mwingine. Hivyo mtu mmoja alikuwa mlinzi wa soko, na mchuuzi mkubwa kuliko wote sokoni, na tena hakimu wa magomvi ya soko. Ukidhulumiwa naye, utamshitakia nani?

Labda utajibu, "Utashitaki Goa." Basi fikiri juu ya pepo. Merikebu ziliondoka pwani yetu kwenda Bara Hindi kwa kusi, na zilirudi kwa kaskazi. Barua ya malalamiko na jibu lake vilihitaji karibu mwaka mzima, hata kama kila mtu alifanya hima. Na ikiwa neno lapaswa kupelekwa mpaka Lisbon, hesabu ilikuwa miaka miwili na zaidi. Jibu likifika, kapteni aliyeshitakiwa alikuwa yu karibu kumaliza zamu yake, au amekwisha kwenda zake na mali. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Ndivyo dhuluma ilivyopata usalama wake: haikuwa katika kuta tu, ilikuwa pia katika umbali wa yule aliyepaswa kuuliza.

Mfalme Hasan bin Ahmad aliyaona hayo kwa macho yake. Aligombana na makapteni juu ya haki zake na mapato yake, mpaka mwaka 1614 akaona maisha yake yamo hatarini, akakimbilia bara kwa watu ambao Wareno waliwaita Wamusungulo. Huko aliuawa na wenyeji wake, ambao kapteni alikuwa amewahonga nguo. Kichwa chake kilipelekwa Goa. Ona basi: mtu mwenye mkataba, mwenye theluthi yake iliyoandikwa, aliuawa kwa rushwa iliyotolewa na mlinzi wa mkataba wenyewe. Mkataba usio na wa kuutetea ni karatasi tu.

Hasan aliacha mtoto, jina lake Yusuf, mwenye umri wa miaka saba hivi. Wareno wakamchukua Goa, akalelewa na watawa wa Mtakatifu Agostino, akabatizwa, akaitwa Dom Jerónimo Chingulia. Alijifunza lugha yao, akatumikia katika merikebu zao za vita, akaoa kwao. Mwaka 1626 alikula kiapo cha utii na akarudishwa Mombasa awe mfalme. Wareno walidhani wamepata kiungo bora kati yao na raia. Lakini alirudi katika mji ule ule, penye ngome ile ile, na desturi ile ile ya ukapteni. Alidharauliwa, ingawa alivaa taji. Nao Waislamu wa mji hawakumwamini, maana aliwajia katika dini ya waliomuua babake.

Kisha kapteni Pedro Leitão de Gamboa akapata habari kwamba mfalme ameonekana akiomba kwa desturi ya Kiislamu kaburini kwa babake. Lilikuwa kosa la kupelekwa Goa kuhukumiwa na baraza la dini. Yusuf hakungoja. Tarehe 16 Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake kama mtu anayekuja kuzuru, akamchoma kapteni kwa jambia, ngome ikawa yake.

Hapa, msomaji, yafaa tuseme kweli hata pale inapouma. Mara nyingi Yusuf husifiwa kuwa shujaa, na hapana shaka alidhulumiwa. Walakini hasira yake haikuishia kwa waliomdhulumu. Wareno waliokimbilia nyumba ya watawa, wanaume, wanawake na watoto, waliuawa baadaye, na pamoja nao Waafrika waliokuwa Wakristo, ambao hawakuwa na cheo wala sehemu katika ushuru wa forodha. Habari zao twazijua kwa kuwa watu waliookoka walihojiwa Goa chini ya kiapo, na maneno yao yakaandikwa. Ni ushahidi wa upande mmoja, nasi tuusome kwa uangalifu. Hata hivyo bila karatasi zile tusingejua mengi. Likumbuke jambo hilo la karatasi, maana tutalirudia.

Je, upanga wa Yusuf ulileta nini? Mwanzoni mwa mwaka 1632 jeshi lilikuja kutoka Goa likaizingira ngome, likashindwa. Kwa upande wa vita alikuwa ameshinda. Lakini mwezi wa Mei mwaka huo huo aliivunja ngome kiasi alichoweza, akaondoka kwa merikebu, akaishi maisha ya kupigana baharini mpaka kufa kwake upande wa Bahari ya Shamu. Wareno walirudi katika ngome tupu. Miaka mitatu baadaye akaja Cabreira, mwenye jiwe lile la langoni. Yusuf alimuua kapteni. Ukapteni wenyewe hakuuua. Cheo kilikuwa kingali shamba la kuvunwa, na mvunaji mwingine alikuwa tayari.

Njia ya pili iliyojaribiwa ilikuwa kumwita mwokozi kutoka nje. Waarabu wa Omani walikuja na kuizingira ngome tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698, walipoingia. Pwani ikashangilia. Haikupita miaka 30, watu wa Mombasa wakachoshwa na wakubwa wapya, na Wareno wakarudi mwaka 1728 bila shida kubwa. Mwaka wa pili wenyeji walikuwa wamekwisha kumbuka kwa nini waliwachukia Wareno, nao wakawaondoa mwezi wa Novemba 1729. Huhesabiwa kwamba kati ya mwaka 1631 na mwaka 1895 ngome ile ilibadilisha mikono mara tisa. Kama kubadilisha anayeshika ufunguo kungetosha kuuponya mji, Mombasa ingalikuwa na afya kuliko miji yote ya Bahari ya Hindi.

Lakini kulikuwako na kitu kingine mjini, kisicho na kuta wala mizinga. Ni mabaraza ya Waswahili wenyewe, Thenashara Taifa, yaani mataifa kumi na mawili: Thelatha Taifa wa upande wa Kilindini, na Tisa Taifa wa upande wa Mvita. Kila upande ulikuwa na mkuu wake aliyeitwa tamimu. Wamazrui, walioshika uliwali wa Mombasa katika karne ya 18, walijua kwamba hawawezi kukaa ngomeni kwa amani bila ya kusikilizana na wakuu hao, na kwa njia yao na jirani zao wa Mijikenda. Liwali aliyewapuuza aliona biashara ikimkimbia, na askari wakimpungukia. Hapa jawabu halikungoja pepo za kaskazi. Aliyeuliza na aliyeulizwa waliishi katika kisiwa kimoja, wakaswali katika misikiti ile ile, wakazikana.

Nisikudanganye kwamba hayo yalikuwa maisha ya haki kamili. Mataifa yalipigana yenyewe kwa yenyewe. Mji ulikuwa na watumwa, nao hawakuwa na sauti katika baraza lolote. Magomvi ya ndani yaliwadhoofisha Wamazrui wenyewe, mpaka mwaka 1837 Sayyid Said akawakamata wakuu wao na kuwapeleka kifungoni ng'ambo. Lakini desturi ile yatufunza kwamba kinachomzuia mwenye ngome si wema wa moyo wake. Ni watu walio karibu naye, ambao hana budi kuwajibu, na ambao hawezi kuwanunua wote kwa siku moja.

Waingereza waliigeuza ngome kuwa jela tangu mwaka 1895 hadi mwaka 1958, kisha ikawa makumbusho. Kenya ikapata uhuru mwaka 1963. Wengi walidhani adui amekwisha kutoka. Lakini adui tunayemzungumza habari zake hana rangi wala kabila. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kati ya mwaka 1990 na mwaka 1993 serikali ya Kenya ililipa mabilioni ya shilingi kwa kampuni iliyoitwa Goldenberg, kuwa tuzo ya kuuza dhahabu na almasi nchi za nje, na hali Kenya haikuwa na almasi ya kuuza, wala dhahabu ya kiasi hicho. Hapana mtu aliyevunja mlango wa hazina usiku. Fedha zilitoka mchana, kwa hati zilizopigwa mihuri, kupitia ofisi ambazo kazi yake ilikuwa kuzilinda. Msomaji aliyefuata habari za kapteni na forodha hatashangaa.

Katika Benki Kuu alikuwako karani kijana, David Munyakei. Kazi yake ilikuwa kushughulika na hati hizo, naye akaona kwamba hesabu hazisemi kweli. Hakuwa na jambia, wala jeshi, wala taji. Alikuwa na karatasi. Akazitoa zikafika kwa wabunge wa upinzani, na mwaka 1993 mambo yakafichuka. Munyakei alikamatwa, akashitakiwa kwa kutoa siri, akaachiliwa. Lakini kazi alipoteza. Akaondoka Nairobi, akaja kujificha hapa Mombasa. Katika mji huu alisilimu, akaoa, akatafuta riziki yake miaka kadhaa, na jirani wengi hawakumjua ni nani. Baadaye tume ya uchunguzi iliundwa mwaka 2003 chini ya Jaji Samuel Bosire, naye akatoa ushahidi wake mbele yake. Alifariki mwaka 2006 akiwa maskini.

Mpime sasa karani huyu na Yusuf bin Hassan. Yusuf aliitwaa ngome kwa siku moja, na baada ya mwaka hakubaki na kitu. Munyakei hakutwaa kitu. Lakini alichokitoa kilisomwa, kikaulizwa, kikarudiwa mbele ya majaji, na mpaka leo hapana awezaye kusema kwamba hakikuwako. Hata hivyo tusijifurahishe upesi. Nchi iliyomwacha mtu wa namna hiyo afe katika ufukara bado haijajifunza kumlinda anayeilinda. Mwaka 2019 kituo cha AfriCOG cha Nairobi kilitoa uchunguzi wa mwanasheria Wachira Maina, ulioeleza kwamba ufisadi wa Kenya hauponywi kwa kuongeza sheria na tume peke yake, kwa sababu vyombo vya kuuzuia navyo hutekwa au kutiwa ulemavu na wale wale vinaopaswa kuwakamata. Afrika ya Kusini nayo, katika tume iliyoongozwa na Jaji Raymond Zondo tangu mwaka 2018 hadi mwaka 2022, ilisikia mambo ya jamaa moja na habari yetu ya ngome: mlinzi, mchuuzi na hakimu wamekuwa kitu kimoja.

Basi utafanya nini, wewe uliye shuleni, usiye na cheo? Jizoeze kuuliza maswali matatu kila upewapo habari za ofisi yoyote, iwe ya shule, ya chama, ya kaunti au ya taifa. Nani anashika ufunguo? Nani anahesabu kilichomo ndani? Na aliyedhulumiwa, atasikilizwa na nani? Ikiwa jawabu la maswali yote matatu ni jina la mtu mmoja, au la watu wa sufuria moja, jua ya kwamba ngome imetekwa, hata kama bendera juu yake ni ya kwako. Katiba ya mwaka 2010, katika Ibara ya 35, imekupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sura yake ya Sita yaagiza uadilifu kwa viongozi. Lakini umekwisha kuona yaliyoupata mkataba wa Mfalme Hasan. Maandishi hayajilindi, yalindwa na wanaoyasoma na kuyadai.

Jizoeze pia kuwa karani mwema. Ukichaguliwa mtunza fedha wa chama cha michezo, andika kila shilingi, na daftari liwe wazi kwa kila mwanachama. Jambo hili laonekana dogo. Hata ukapteni wa Mombasa haukuharibika siku moja. Uliharibika kidogo kidogo, kila zamu ilipokwisha pasipo mtu wa kudai hesabu.

Siku ukirudi langoni pa ngome, litazame tena jiwe la Cabreira. Jina lake limekaa pale karibu miaka 400, pamoja na vyeo alivyopewa. Jina la David Munyakei halimo juu ya lango lile. Wewe ujuaye habari zake, msimulie mwenzako mtakapokuwa mkipita chini yake.